Mdudu wa Mbalamwezi Anayetoboa Mirunda ya Kizimba

Kijana mmoja mfugaji wa sato upande wa Igombe alinipigia simu asubuhi: "Afisa, mrunda wa kizimba umekatika, na wala hakukuwa na dhoruba." Tukauvuta nje. Sehemu ya juu nzima, lakini iliyokuwa majini imejaa matundu, inapukutika kama mkate mkavu. Kidogo tu wavu ulale, sato wote waende zao.

Yeye alidhani ni mchwa. Mchwa haishi majini jamani! Huyu ni mtoto wa mdudu ambaye kitaalamu anaitwa Povilla adusta. Umeshamwona: yule mwenye mabawa mepesi na mikia kama nywele, anajazana kwenye taa usiku, asubuhi unamfagia. Usimchanganye na wale wadogo wanaopaa ziwani kama moshi. Hao ni ukoo mwingine, mbao hawagusi.

Mkubwa hali chochote. Anatoka majini giza likiingia, anapandana, anataga, anakufa, yote ndani ya saa moja au mbili. Maisha yake hasa ni ya utotoni: anatoboa handaki kwenye mti uliozama au mafunjo, analitandika hariri, anachuja chembe za mwani. Mbao haili, ni nyumba tu. Ila kwako hasara ni ileile.

Mwaka 1955 mtafiti Hartland-Rowe alionyesha, kwa kazi iliyofanyika hukuhuku Ziwa Victoria, kwamba wanatoka kwa wingi usiku wa pili hivi baada ya mwezi mpevu. Yaani wakati wavuvi wa dagaa wamepumzisha karabai zao. Ulaya wavuvi wa trauti wanasubiri ndugu zake watoke, wanafunga manyoya kwenye ndoano kuwaiga. Huku samaki wetu nao wanawala, lakini usipunguze chakula cha kizimba kwa sababu hiyo. Ni sherehe ya usiku chache.

Ukiwaona wengi kwenye taa, kesho yake kagua mirunda. Chomeka kisu chini ya usawa wa maji. Kikizama kirahisi, toa. Mti wenye matundu machache uvute nchi kavu ukauke kabisa, waliomo watakufa. Oili chafu usipake, unawaua sato. Mwenye uwezo aweke mabomba ya plastiki au chuma.

Kijana wetu ameshabadilisha mirunda miwili. Wa tatu tunauvuta Jumamosi.