Minara Miwili na Ndege Mmoja

Leo napenda tuzungumze juu ya jalada la kitabu. Si kitabu chenyewe, maana kina kurasa 827 na nafasi niliyopewa hapa haitoshi hata kutaja majina ya watu waliomo. Ni jalada tu, tena picha moja isiyo na rangi.

Kitabu hicho ni riwaya iitwayo Underworld, yake Don DeLillo, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mtaa wa Bronx, mjini New York, mwaka 1936, na wazee wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Riwaya ilitoka mwezi wa Oktoba 1997. Tafadhali uweke akilini mwaka huo, kwani kadhia yote imesimama juu yake.

Ukilitazama jalada, waona mbele kivuli cheusi cha kanisa, msalaba wake umesimama. Nyuma yake yamepanda majengo mawili marefu, sawasawa kama ndugu pacha, na huko juu yamemezwa na ukungu hata hujui yanakomea wapi. Kisha pembeni, hewani, yuko ndege amekunjua mbawa. Hayo majengo ndiyo yale ya World Trade Center.

Hapa lugha yetu ina mtego ambao Mwingereza hana habari nao. Yeye ana neno lake la kiumbe chenye manyoya, na neno jingine kabisa la chombo kiendeshwacho na rubani. Sisi vyote viwili twaita ndege. Niliwahi kulipeleka jalada hili barazani, nikamweleza mzee mmoja asiyeona vizuri kwamba pana minara miwili na ndege anaielekea. Akanikatiza kwa ukali: "Mwanangu, mambo hayo yatoe hapa, yametutesa ya kutosha." Ilinibidi nimweleze kwamba ndege mwenyewe ni wa manyoya, na kwamba picha ilipigwa mwaka 1972, miaka 29 kabla ya tarehe 11 Septemba 2001. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo naona ndilo lenye maana kuliko yote: basi aliyeipiga ni nani, na alikuwa akitafuta nini?

Aliyeipiga ni André Kertész. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1894, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1925 alihamia Paris, na huko ndiko alikopata jina. Mwaka 1936 akavuka bahari kwenda New York kwa mkataba wa kazi, akidhani atakaa muda mfupi tu arudi. Vita vikamfungia njia. Wala hilo halikuwa baya zaidi. Marekani ilipoingia vitani, Hungaria ilikuwa upande wa Wajerumani, na kwa hiyo bwana huyu, pamoja na mkewe Elizabeth, wakaandikwa kuwa wageni wa taifa la adui. Walichukuliwa alama za vidole. Yeye ambaye riziki yake ilikuwa kamera akakatazwa kupiga picha huko nje, isije ikawa anafanya upelelezi. Hakuwa na kosa ila mahali alikozaliwa. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1944.

Mwaka 1952 mtu na mkewe walihamia nyumba ya ghorofani karibu na uwanja wa Washington Square. Kutoka dirishani na kibarazani pake Kertész alipiga picha kwa miaka mingi, akitumia lenzi ya kuvuta mbali: theluji, miti, wapita njia, mapaa. Alikuwa na manung'uniko yake pia, kwamba Wamarekani walichelewa kumthamini. Mkewe alifariki mwaka 1977, na baadaye mzee akawa anaweka sanamu ndogo ya kioo dirishani, iliyomkumbusha mabega na shingo ya marehemu, akaipiga picha kwa kamera ya Polaroid. Katika baadhi ya picha hizo minara ile ile yaonekana kwa nyuma. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1985. Kwa hiyo hakuiona riwaya ya DeLillo, wala hakuyaona yaliyotokea 2001. Alichokuwa akitafuta mwaka 1972 ni kile alichokitafuta siku zote: ukungu, kivuli, na kiumbe kinachopita kwa bahati. Majengo yenyewe wakati huo yalikuwa yamekwisha kufika urefu wake wa ghorofa 110, lakini sherehe ya kuyafungua ilikuwa bado. Ilifanywa Aprili 1973.

Na aliyeyachora majengo hayo? Minoru Yamasaki, Mmarekani wa asili ya Kijapani. Huyu naye wakati wa vita vile ilimbidi awachukue wazazi wake kutoka Seattle awakalishe kwake New York, wasije wakatiwa katika kambi ambazo serikali iliwafungia watu wa asili ya Japani wapatao 120,000. Baada ya vita alikwenda kujenga Saudi Arabia, ambako jengo la uwanja wa ndege wa Dhahran ni kazi ya mkono wake, na wapo wajuzi wa ujenzi waliosema kwamba matao yaliyochongoka chini ya minara ya New York yanafanana na matao ya Kiislamu. Mimi si mjuzi wa ujenzi. Lakini nalitazama jalada hili na kuona kwamba minara ilichorwa na mtu ambaye watu wa asili yake walifungwa kwa kushukiwa, na picha ikapigwa na mtu aliyeshukiwa yeye mwenyewe.

Sisi wa pwani twalijua jambo hilo bila kufundishwa. Shambulio la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu zaidi ya 200, na Waislamu walikuwamo. Novemba 2002 ikawa Kikambala, jirani zetu kabisa. Waliofanya vitendo hivyo ni wauaji, hilo halina mjadala. Walakini shaka iliyofuata haikuchagua: kanzu ilitosha, jina lilitosha. Muswada wa kupambana na ugaidi wa mwaka 2003 ulipingwa sana na Waislamu wa nchi hii hata ukaondolewa. Huko New York nako, ni wachache wanaokumbuka kwamba katika mnara wa kusini, ghorofa ya 17, palikuwa na chumba ambamo Waislamu waliofanya kazi mle walikuwa wakiswali, na kwamba Waislamu walikuwa miongoni mwa watu karibu 3,000 waliouawa siku hiyo.

Baada ya Septemba 2001 wengi walilichukua tena jalada la Underworld wakasema limetabiri. Mimi sikubaliani nao. Mambo ya ghaibu tunajua wenyewe yako kwa nani. Riwaya yenyewe yaanza na mechi ya besiboli ya tarehe 3 Oktoba 1951, siku ambayo pia Marekani ilitangaza kwamba Warusi wamelipua bomu jingine la atomiki; kesho yake gazeti la New York Times likaziweka habari hizo mbili ukurasa wa kwanza, bega kwa bega. DeLillo alikuwa akiandika juu ya hofu ya bomu, na juu ya takataka ambazo taifa tajiri huzizalisha. Hofu hiyo ilikuwa ya zama nyingine. Msomaji ndiye aliyekuja na hofu mpya akaivisha picha ya zamani.

DeLillo mwenyewe aliandika makala katika jarida la Harper's, toleo la Desemba 2001, juu ya msiba ule. Kinyume na wengi waliokuwa wakiandika miezi ile, aliimalizia kwa msichana wa Kiislamu ambaye alimwona kiasi cha mwezi mmoja kabla ya shambulio, katika Canal Street yenye zogo la wachuuzi, akiswali juu ya msala wake bila ya kumjali mtu, wala hakuna aliyemsumbua.

Limebaki jambo moja, nalo limo ndani ya kitabu, si juu ya jalada. Mmoja wa watu wa riwaya, mwenye kazi ya mambo ya taka, anafika Fresh Kills, jaa kubwa la mji lililoko Staten Island, anasimama akitazama vilima vya takataka, na kwa mbali anaiona minara miwili. Jaa hilo lilianza mwaka 1948 na likafungwa Machi 2001. Miezi sita baadaye ilibidi lifunguliwe tena. Kifusi cha minara kilipakiwa kwenye matishari kikavushwa maji mpaka pale, na wafanyakazi wakakichambua kwa muda wa miezi kumi, wakitafuta mifupa, pete na vitambulisho. Siku hizi vilima hivyo vimeota nyasi, na mji unavigeuza kuwa bustani.