Ziba Ufa wa Kiti Kabla Haujawa Pengo

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga wetu, na kiti cha gari nacho kimo katika wasia huo. Ufa mwembamba uliojitokeza leo kwenye kiti cha dereva, tukiupuuza, hugeuka mpasuko. Sponji ya ndani itachungulia, watoto wataichokoa kwa vidole, na kingo zake kavu zitanasa buibui la mama kila ashukapo. Hapo gharama huwa si ya kuziba tena, bali ya kukivika kiti ngozi mpya, na fedha hizo aghalabu hutoka katika fungu la karo au la matumizi ya nyumbani.

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa yamekwisha kutumika, hasa nchini Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu gari la namna hiyo kuingia likiwa limezidi umri wa miaka 8, lakini hata miaka 7 yatosha kuichosha ngozi. Likifika kwetu hukutana na jua la pwani. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani huweza kupita nyuzi joto 50 ndani yake. Miale ya jua huudhoofisha utando wa rangi ulio juu ya ngozi, joto huikausha, na jasho huuchakaza utando huo taratibu. Ngozi iliyokauka ikikunjwa kila siku mahali pamoja, haina budi kupasuka.

Kwanza tutambue tunachokitengeneza. Tutazame ukingo wa mpasuko: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana, ilhali reksini huonyesha kitambaa kilichofumwa chini ya utando laini. Viti vingi huwa na ngozi sehemu ya kukalia na kuegemea tu, na ubavuni pakawa reksini. Gundi na rangi zinunuliwe kulingana na kitu chenyewe.

Kwa nyufa ndogo za ngozi, kazi huanza kwa usafi. Tupanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni isiyo kali, kisha tuache pakauke kabisa. Tusugue taratibu kwa msasa laini, namba 400 hadi 600, ili kingo zilizosimama zilale. Halafu tupanguse kwa spiriti kidogo kuondoa mafuta, milango ikiwa wazi na moto ukiwa mbali. Rojo la kujazia ngozi lipakwe kwa tabaka nyembamba, kila moja likauke kabla ya jingine. Tabaka moja nene hupasuka upya. Likishakauka tulisawazishe kwa msasa, tupake rangi ya ngozi kwa sponji, tabaka kwa tabaka, na mwisho dawa ya kuikinga rangi isichubuke. Rangi ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, nasi tuiangalie ikiwa imekauka, kwani rangi mbichi hudanganya macho.

Mpasuko uliopenya hadi ndani huhitaji kiraka cha chini. Tukate kipande cha turubai jepesi kinachouzidi mpasuko pande zote, tukipenyeze kwa kibano hadi kilale bapa juu ya sponji, kisha tupake gundi inayonyumbulika kati yake na ngozi. Tuzikutanishe kingo bila kuzivuta, tuweke uzito juu yake na kuuacha hadi gundi ishike sawasawa. Nyuzi zilizobaki zikatwe kwa wembe, ndipo rojo na rangi vifuate. Gundi ya kukauka papo hapo haifai: huwa ngumu kama kioo, na ngozi hukatika kandokando yake.

Zipo kazi ambazo hatupaswi kuzigusa. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa usalama ndani ya ubavu wa kiti, na kibandiko chenye herufi SRS huonyesha mahali ulipo. Mshono wa hapo umetengenezwa ufunguke ajali inapotokea. Tukiushona kwa uzi wa nailoni, tukiugandisha kwa gundi au kuufunika kwa kifuniko kisichoachiwa nafasi, tunaweza kuuzuia mfuko huo usimwokoe aliyeketi. Ubavu wa namna hiyo ukipasuka, apewe fundi mwenye ujuzi wa mifuko hiyo.

Baada ya matengenezo, tusikikalie kiti hadi muda ulioandikwa kwenye dawa upite. Tangu hapo tuegeshe kivulini, au tuweke kinga ya jua kwenye kioo cha mbele. Tufute vumbi na mchanga kila wiki, na tupake mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya magari kila baada ya miezi michache. Mafuta ya nazi tuyaache jikoni: hunasa vumbi, hutia doa kanzu nyeupe, na huishia kunuka.

Na siku ya kuliuza gari ikifika, mnunuzi aonyeshwe mahali palipozibwa. Kiraka kilichofanywa vizuri hakina la kuficha, na bei iliyokubaliwa kwa uwazi haina majuto kwa upande wowote.