Meli Yetu na Kaburi la Songea

Kila mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ameisikia meli ya Liemba. Sisi wa Mwamgongo, kaskazini mwa Kigoma, huenda mjini kwa maboti, lakini habari zake twazijua tangu utotoni. Wachache tu ndio wajuao kwamba iliposhushwa majini mwaka 1915 iliitwa Graf von Götzen. Nataka kueleza jina hilo lilikuwa la nani.

Götzen alikuwa Gavana wa Wajerumani katika nchi yetu Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905. Watu wa kusini walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu. Wajerumani waliposhindwa kuwapata wapiganaji porini, waligeukia vijiji. Askari walichoma nyumba na mashamba, wakachukua nafaka na mifugo. Hivyo njaa ikafanywa silaha, na njaa haimbagui mpiganaji na mtoto mchanga. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakushika hata mkuki.

Mjini Songea, mahali paitwapo Mahenge, pana Makumbusho ya Majimaji yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hapo lipo kaburi la pamoja la mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Kila mwaka watu hukusanyika kuwakumbuka. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha kwa yale waliyotendewa wazee wetu.

Walionyongwa wana kaburi lao. Lakini mama aliyekufa kwa njaa kando ya ghala lililoteketezwa, kaburi lake nani alijuaye? Kwa hiyo mimi naona kwamba anayesimama kimya pale Songea hana budi kuwakumbuka na hao wasio na jiwe.

Meli ile ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Jina la gavana likaondolewa melini. Basi, wenzangu, jina lake lilipewa meli nzima, na watu waliokufa kwa amri zake hawakupewa hata ubao. Tukiwasimulia wadogo zetu habari za Liemba, tuwasimulie na habari za watu hao.