Machweo Kumi na Matano kwa Siku

Jua likizama Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, paneli za sola juu ya mabati huacha kazi. Kuanzia hapo taa, redio na simu hula akiba ya betri hadi alfajiri, kwa muda wa saa 12 hivi.

Setilaiti inayozunguka karibu na dunia nayo huishi kwa jua na betri. Tofauti ni kwamba usiku wake ni mfupi, na huja mara nyingi mno.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilitumwa kusaka miale ya eksirei angani, ikiwa na mabawa manne ya sola na betri moja ya nikeli na kadimiamu. Iliizunguka dunia juu ya ikweta kwa dakika 96 hivi, na katika kila mzunguko ilipita kwenye kivuli cha dunia kwa nusu saa na ushei. Hayo ni machweo 15 kwa siku. Kazi yake ilipokoma Machi 1973, ilikuwa imeingia gizani zaidi ya mara 12,000. Betri ya nyumba ya Kibabii ingehitaji zaidi ya miaka 30 kupitia usiku mwingi kiasi hicho!

Kinachoizeesha betri ni kuchotwa na kujazwa tena na tena, na ikichotwa hadi chini huchakaa upesi zaidi. Ndiyo maana wahandisi huipa setilaiti betri kubwa kuliko haja ya usiku mmoja, kisha kila iingiapo gizani ikatumia sehemu ndogo tu ya akiba.

Umeme wa kuijaza betri hiyo nao ni haba. 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa angani Mei 2018, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10. Uso mmoja wa ukubwa huo hupata wati 13 hivi za jua. Seli bora za angani hutoa humo wati 4 tu, pungufu ya balbu ya kawaida ya sebuleni.

Mwenye sola nyumbani naye na afuate kanuni hiyo ya kutoichota betri hadi chini. Kama betri ni ya asidi, azime mzigo kabla nusu ya chaji haijaisha, asingoje taa ififie.