Posho ya Kirangozi

Swali liliulizwa Isikizya, saa saba mchana, wakati kila aliyekuwa ukumbini alikuwa anawaza chakula. Nilialikwa kuzungumza na watendaji wa vijiji kuhusu uongozi, na nilikuwa nimefika kwenye sehemu ninayoipenda, ile ya kiongozi anayegeuza nyoyo za watu. Mtendaji mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo tumeyasikia. Mimi nikiitisha mkutano bila posho, hawaji. Nikiitisha wenye posho, wanakuja, wanasinzia. Sasa hao nawageuzaje?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu jambo ambalo hata sasa sitaki kulikumbuka. Jibu la kweli nimelitafuta tangu siku hiyo, na nimekuta kwamba mzee yule alikuwa amelishika mkononi bila kujua: neno posho lenyewe.

Katika nchi hii ya Unyamwezi neno hilo ni kongwe kuliko semina. Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, mji ambao wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, walipoingia mwaka 1857, waliuita Kazeh. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi na kutembea nao karibu miezi mitatu mpaka pwani. Mapatano yake na mwenye msafara hayakuwa na mafumbo: ujira wa nguo, sehemu yake ikitolewa kabla ya kuondoka, na posho ya njiani, kibaba cha nafaka kwa siku au shanga na kitambaa cha kununulia chakula. Posho ikipunguzwa, mizigo ilishushwa chini. Ikikosekana kabisa, kulipokucha ilikutwa mizigo, watu hawapo. Wazungu waliandika kurasa nyingi kulalamikia "utoro" huo. Mimi nauona kuwa ni mkataba uliovunjwa na upande mmoja, upande wa pili ukajiondokea.

Wataalamu wa leo wangeuita huo uongozi wa nipe nikupe. Mwanahistoria wa Marekani James MacGregor Burns ndiye aliyeupa sura katika kitabu chake cha mwaka 1978: kiongozi ana kitu, mfuasi ana kitu, wanabadilishana, kisha kila mtu anashika njia yake. Dhidi yake aliweka uongozi wa mageuzi, ambao kiongozi na wafuasi wake huinuana, wakatoka wakiwa watu wengine, wenye nia pana na maadili ya juu kuliko waliyoanza nayo. Kwa Burns hivi vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Miaka saba baadaye mwanasaikolojia Bernard Bass akamrekebisha. Alisema mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, na kwamba mageuzi hayachukui nafasi ya mapatano, bali hujengwa juu yake, kama ghorofa juu ya msingi. Semina zetu nyingi humtaja Burns na kumsahau Bass. Ndiyo maana zinatufundisha kuionea haya posho huku tukiisubiri.

Mpagazi wa Tabora angemwelewa Bass haraka, kwa sababu mbele yake alitembea kirangozi. Huyu hakuwa mwenye mali wala mwenye msafara. Mara nyingi alikuwa mpagazi mwenzao, waliyemkubali wao wenyewe kwa kuwa aliijua njia, maji na desturi za watemi waliotoza hongo. Burton anamweleza akiwa amevaa nguo nyekundu na ngozi ya mbega, na anasema hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia njiani: aliyethubutu alinyang'anywa mshale kwenye podo lake, akaukomboa mwisho wa mwendo. Wapagazi hawakuwa wakimfuata yeye kwa sababu ya posho, maana posho haikutoka kwake. Na safari yenyewe ilikuwa na thamani isiyopimwa kwa kibaba. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona bahari alihesabiwa mtoto. Aliyerudi kutoka pwani alirudi mwanamume wa kuozwa, mwenye maneno mapya na nguo mpya. Mapatano yalimtoa nyumbani, lakini kilichompitisha Mgunda Mkali, lile pori la kiu kati ya Ugogo na Unyamwezi, kilikuwa kingine.

Hapa ndipo ningeishia kama ningetaka kumfurahisha mwenyeji wangu. Lakini nchi hii ina kisa kigumu zaidi, cha watemi wawili waliokuwa majirani na wa zama moja, na kisa hicho hakikubali kukaa vizuri vitabuni.

Wa kwanza ni Mirambo. Alirithi utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora, akaufanya dola. Jeshi lake la ruga-ruga lilikusanya vijana wa makabila mengi, mateka na watu wasio na ukoo wa kuwalinda. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, Waarabu wa Tabora wakamwendea vitani, na Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, akajitia upande wao. Wakashindwa, na mwezi Agosti mwaka huohuo sehemu ya Tabora ikateketea kwa moto wa Mirambo. Stanley alimwita Napoleon wa Afrika ya Kati. Walipokutana tena mwaka 1876 walichanjiana udugu, na mgeni akastaajabu kumkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Watu wake walimfuata yeye, Mirambo, kwa mwili na jina lake. Alikwenda nao vitani, na wale waliokuwa si kitu walijiona wameumbwa upya mkononi mwake. Sifa nyingi ambazo Bass anazitaja kwa kiongozi wa mageuzi, mvuto, maono na kumjali mfuasi mmoja mmoja, mtu anaweza kuziona kwake.

Wa pili ni Nyungu ya Mawe, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliyekwenda kusini na kuitiisha nchi ya Wakimbu kutoka Kiwele. Jina lake maana yake ni chungu cha mawe, kisichovunjika. Hakuna aliyemsifu kwa upole. Inasimuliwa kwamba wapiganaji wake aliwaita magogo, na vita ilipokuwa kali aliamuru magogo zaidi yaongezwe motoni. Lakini kila sehemu aliyoiteka aliiwekea mtwale, mwakilishi wake, mwenye kazi iliyojulikana: kukusanya pembe za ndovu na kuzipeleka Kiwele. Watemi wa Wakimbu waliachwa na matambiko yao. Kila mtu alijua anachodaiwa, nani anamdai, na asipotoa kitampata nini. Kavu kabisa, nipe nikupe yenye mkuki nyuma yake.

Wote wawili walikufa Desemba 1884. Dola ya Mirambo haikumaliza miaka mingi. Watemi aliowashinda walijitenga mmoja mmoja, kwa kuwa kilichowaunganisha kilikuwa kimezikwa. Ya Nyungu ikapita salama mikononi mwa binti yake, Mgalula, ikadumu miaka mingine kumi hivi, mpaka Wajerumani walipoifikia mwaka 1895.

Burns angenikataza kumwita Mirambo kiongozi wa mageuzi, kwa hoja kwamba mageuzi bila kuinua maadili ni ulaghai tu, na dola iliyoishi kwa vita na nyara haimwinui mtu. Ni hoja nzuri. Hata hivyo naona inamkimbia mtendaji wangu wa Isikizya. Yeye hakuuliza nani alikuwa mwema. Aliuliza kazi inafanyikaje. Na Mirambo anamjibu kwamba moto wa mtu mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani, usipowekewa watwale wake, wajibu wake na daftari lake, unazimika naye. Nyungu, kwa upande wake, aliacha daftari bila moto: hata Wakimbu hawakuinuliwa na chochote alichowaletea, walihesabiwa tu.

Kisa cha vyote viwili kushikwa na mkono mmoja kimo Tabora mjini, mwendo mfupi kutoka Isikizya. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili kupiga kura ulihitaji elimu, kipato cha pauni 150 kwa mwaka au kazi maalumu. Wajumbe wengi walifika wakitaka kuususa. Nyerere, aliyesoma katika mji huohuo, akawashawishi washiriki. Yaani mtu aliyeahidi nchi ambayo rangi haitapimwa aliwaomba wafuasi wake wakubali, kwa muda, biashara iliyopima kila kitu kwa rangi. Kulikuwa na gharama: Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama chake. Lakini TANU ikatumia kura hizohizo kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, na uchaguzi wa 1958 na 1959 ukawaangukia wenye mpango. Kama angebaki na maono peke yake, pengine angesusa kwa heshima. Kama angebaki na mapatano peke yake, pengine angeridhika na viti alivyopewa.

Nilimtumia mtendaji yule salamu kwa mtu, nikamwambia posho aitoe, kamili, kwa wakati, tena bila kuifanya hisani. Kisha awatazame wanaobaki ukumbini baada ya kupokea, awaulize wenzao wangekubali nani awatangulie, maana kirangozi hutoka humo. Sijui kama amekubali. Siku ile, karatasi ya mahudhurio ilipozungushwa, hakuna aliyesinzia. Nami nilitia sahihi yangu, mstari wa kumi na saba.