Nyota ya Kaki na Gundi ya Muhogo

Selotepu haidumu ukutani Dar es Salaam mwezi wa Desemba. Kazi yangu ni kupamba kumbi, lakini mkesha mmoja wa Krismasi nilikurupuka usingizini nikasikia mnyororo wa karatasi niliouning'iniza sebuleni kwangu ukiporomoka juu ya televisheni. Asubuhi nilipoukagua ule utepe niliona umeganda unga mweupe. Ukuta wa chokaa hutoa vumbi, na selotepu hushika vumbi hilo badala ya ukuta. Ongeza unyevu wa pwani, ongeza na feni inayotikisa kila kitu usiku kucha. Tangu siku hiyo mapambo yangu hayagusi ukuta. Navuta kamba ya katani kutoka nondo za dirisha hadi kwenye bawaba ya mlango, kisha naning'iniza kila kitu kwa vibanio vya nguo.

Watu huniuliza wanunue nini. Nawaambia wafungue kwanza kabati la jikoni, watoe unga wa muhogo.

Gundi yake ni ya kale na bado sijaona inayoishinda kwenye karatasi. Koroga vijiko 2 vya mezani vya unga katika maji baridi kidogo hadi mabuje yaishe. Mimina kwenye maji yanayochemka, yote pamoja yasizidi kikombe 1, huku unakoroga bila kusimama. Mwanzoni mchanganyiko ni mweupe kama maziwa. Moto unapopita nyuzi 60 hivi, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka, na ghafla uji hugeuka kuwa mzito na wa kung'aa, mwiko unavuta utepe. Hapo epua. Gundi hii hupenya kati ya nyuzi za karatasi, na maji yakikauka wanga hubaki umezikamata. Ndiyo maana kwenye plastiki haifai kitu: hakuna pa kupenya. Huchacha baada ya siku chache, kwa hiyo pika ya kutosha kazi ya siku moja.

Sasa tafuta vifuko vya kaki vya kutengenezea nyota. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Juni 2019, sijui nyumba isiyokuwa na kaki zilizokunjwa mahali fulani. Chagua 8 za ukubwa mmoja, zenye kitako cha kukunja. Zilizobeba chipsi ziache, kwani mafuta hukataa gundi ya maji na sisimizi watakuja tu. Laza ya kwanza mezani bila kuifungua. Paka gundi mstari mmoja kwenye kitako na mwingine katikati, kutoka kitakoni hadi mdomoni. Juu yake laza ya pili, imeelekea huko huko, paka tena, hivyo hivyo hadi ya nane. Kandamiza kwa vitabu vizito hadi zikauke kabisa. Kisha kata upande wa mdomo uwe ncha kama ya mkuki, na pembeni toboa pembetatu ndogo mbili tatu.

Waite watoto kabla hujaifungua. Shika kaki ya kwanza na ya mwisho, zizungushe zikutane: bunda la karatasi hufunguka likawa nyota, na zile pembetatu zinapitisha mwanga. Kaki ya urefu wa sentimita 25 hutoa nyota ya karibu nusu mita. Ikigoma kukutana, ongeza kaki moja. Usiipake rangi. Rangi ya kaki ni nzuri ikikaa na kijani cha majani na nyekundu kidogo, na nyumba nyingi huharibikiwa na rangi sita zinazogombana, wala si uhaba wa fedha.

Kijani natoa kwenye mvinje. Naomba tawi kwa mwenye mti, nalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, na ndoo naivika kanga, pindo likiwa chini. Chukua kitawi kimoja ukivute taratibu: kitaachana pingili kwa pingili. Zile tunazoziita sindano ni vitawi. Majani yenyewe ni vijino vidogo mno vilivyozunguka kila kiungo. Maua ya mkrismasi, yanayowaka mitaani msimu huu, yaache mtini. Yakikatwa hunyauka upesi.

Ukitaka taa ya mshumaa, jaza maji kopo tupu la maziwa, ubakize vidole viwili, maana barafu huzidi maji kwa karibu asilimia 9. Ligandishe usiku mzima, kisha toboa matundu kwa msumari na nyundo; barafu hulizuia kopo lisibonyee. Barafu ikiyeyuka na kopo likikauka, weka mchanga na kipande cha mshumaa. Likae nje barazani, mbali na pazia na mbali kabisa na nyota ya kaki.

Tukirudi kwenye nyota, kaki ya kwanza na ya mwisho usizibandike kwa gundi. Zibane kwa vibanio viwili vya nguo. Sherehe zikiisha unavichomoa, nyota inajikunja ikawa bapa, unaitia kwenye bahasha pamoja na karafuu chache ili isinuke uvundo, unailaza chini ya godoro. Ya kwangu imelala hapo mwaka wa tatu sasa.