Masisi na Walikale: mbabula ndani, hewa nje

Usiku wa Masisi ni baridi. Kwenye nyanda za juu, ambako vilima vingi vinapita mita 2,000, jamaa nyingi huingiza mbabula ya makala ndani jioni, hufunga mlango na dirisha, kisha huziba nafasi za kati ya mbao kwa vitambaa. Chumba kinapata joto, lakini hewa safi haina tena pa kuingilia.

Moshi si hatari kubwa hapo. Moshi huwasha macho, na mtu hutoka mwenyewe. Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, na wengi hudhani sasa ni salama kuyaleta karibu na kitanda. Kumbe yanaendelea kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Aliyelala usingizi huenda asiamke.

Wakaaji wa Sake na Goma wanajua mazuku, gesi itokayo ardhini, ambayo ni nzito na hutulia mabondeni. Gesi ya mbabula haina tabia hiyo. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo hujaa chumba chote, na kitanda kirefu hakimwokoi mtu.

Vita vilivyorudi tangu mwisho wa 2021 vimewasukuma watu wengi kwenye vibanda vya shitingi, makanisa na vyumba vya shule. Shitingi haipitishi hewa, tena inashika moto upesi. Humo mbabula isiingie kabisa, hata kwa saa moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Fundi hahitaji mashine. Nyumba ya mbao inataka tundu mbili: moja chini upande mmoja, nyingine juu chini ya mabati, upande wa pili. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, ile safi huingia chini. Nafasi zilizo usawa wa kitanda ndizo za kukandika udongo, kwa sababu baridi inayosumbua usingizi hupitia hapo. Tundu ya juu isizibwe, hata mvua ikinyesha. Itengenezewe kifuniko cha kuzuia maji. Na mbabula itolewe nje kabla ya watu kulala, kisha blanketi zifanye kazi yake.

Ukishuka Walikale, msituni, shida inageuka. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000, na mabati yaliyochukua nafasi ya majani hufanya chumba kiwe tanuru mchana. Dawa yake inafanana: madirisha yanayotazamana, tundu karibu na kilele cha paa, na dari ya mianzi au mikeka. Jiko la kuni nalo libaki kwenye kibanda chake, mbali na chumba cha kulala.

Mtu akikutwa amelegea karibu na mbabula, fungua mlango, mtoe nje haraka na umpeleke kituo cha afya, hata akisema amepata nafuu. Mwenye mimba asicheleweshwe: mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama. Maziwa hayaondoi gesi hiyo kwenye damu. Oksijeni ndiyo inayoiondoa.